Banda la Bati Nyuma ya Nyumba ya Mama

Mshangano, Songea
Tarehe 11 Agosti 1912

Kaka yangu mpenzi Makita,

Shikamoo kaka. Tena salaam aleikum, kwa kuwa Sefu ameniambia kwamba huko Kotakota, ng'ambo ya ziwa, wewe sasa ni mtu wa msikitini na unaitwa Kassimu. Nawe pokea salamu ya kwangu, Tumsifu Yesu Kristo, maana Pasaka ya mwaka huu nilibatizwa Peramiho, na jina langu ni Isidori. Mama amecheka mpaka akakaa chini. Anasema alizaa watoto wawili tu, na sasa uzeeni anatakiwa kukumbuka majina manne.

U hali gani, kaka? Goti lako lililokuwa likikuuma baridi ikiingia, huko ziwani limetulia? Unakula vizuri? Sefu anasema unajipikia mwenyewe na ugali wako hauivi. Sisi huku tu wazima. Mama ni mzima ila macho yamepungua, hawezi tena kutoa funza mguuni mpaka aombe msaada. Mahindi mwaka huu yametupa, maharage ndiyo hayakutii. Ile njaa iliyokuja baada ya vita vya Maji imekwisha kabisa, mshukuru Mungu, na watu wameanza tena kunenepa na kugombana.

Najua swali lako la kwanza ni mkeo Mwanaheri. Yu hai, kaka, na ni mzima wa afya. Hilo likutoshe kwa sasa. Nina neno zito kuhusu yeye na kuhusu mimi, na si neno la kusema mgeni akiwa bado mlangoni. Niache kwanza nikueleze habari ya banda la bati, maana bila banda hilo nisingejua kama uko duniani. Na kwa kuwa anayekusomea ni Sefu, nimemwapisha kwa dini yake asiruke mstari hata mmoja, hata akiona aibu.

Tangu vita viishe, mhunzi wa Songea ni mtu wa kuangaliwa. Mwaka mzima hatukuruhusiwa kuwasha moto wa kufulia chuma. Baadaye boma likanipa ruhusa: majembe, mashoka na mundu tu. Mkuki, hata wa kuchomea panya, hapana. Nikafanya hivyo, na nyundo ya Baba ikatulisha. Nilifulia chuma katika kile kibanda chetu cha nyasi, unakikumbuka, kisicho na kuta.

Mwezi wa saba mwaka jana, cheche zikaruka kutoka moto wa mtu mmoja upande wa Bombambili, nyumba saba zikaungua mchana kweupe. Hakufa mtu, ila amri ikatoka: hakuna tena kufua chuma chini ya nyasi. Mhunzi atakayekuwa hana paa la bati au la vigae ifikapo mwisho wa mwezi wa kumi, mivukuto yake ya kupulizia moto na fuawe yake ya kupondea chuma vitachukuliwa, naye atapelekwa kubeba mizigo kwenda Lindi. Paa la bati, kaka! Mshangano nzima haikuwa na bati hata la kufunikia kuku. Wiki nzima sikushika nyundo. Mama alinifariji kwamba riziki hutoka kwa Mungu. Hakujua kilichokuwa kikinisumbua, nawe utakijua mbele.

Sasa sikiliza bahati ilivyo. Kulikuwa na Mzungu mmoja upande wa Maposeni aliyejaribu kulima mpira ukamshinda. Nilimfanyia kazi nyingi, bawaba za milango na pete za magurudumu ya mkokoteni wake. Huyo alikuwa ameagiza kwao nyumba nzima ya chuma, imekatwa vipande, kila kipande kimepigwa namba, imefungwa katika masanduku kama vile mtu anavyofunga vyombo akihama. Unafungua sanduku, unaunganisha, nyumba inasimama. Wapagazi sitini waliibeba kutoka Lindi. Lakini walipovuka mto Muhuwesi, mpagazi mmoja akateleza, na sanduku lake likazama moja kwa moja kama jiwe. Lilikuwa lipi? Ndilo lenye bolti na nati zote. Kwa hiyo Mzungu alipokea kuta, nguzo, paa, milango na madirisha, ila hakupokea hata kitu kimoja cha kuviunganisha. Akakaa mwaka mmoja na nusu akisubiri bolti nyingine, masanduku yamelala uani yanatagiwa na kuku. Mwishowe homa ikamzidi, akaamua kurudi kwao. Akaniita, akanionyesha masanduku, akaniambia kwamba nyumba ile imemshinda, na kama mimi naweza kuisimamisha basi ni yangu badala ya kazi zote nilizomfanyia. Akacheka. Mimi pia nikacheka, kila mtu kwa sababu yake.

Nilimwita rafiki yangu Pankrasi, mwalimu wa shule ya misheni, ndiye aliyenifundisha herufi hizi unazosomewa. Tukaenda na vijana wa ukoo tukabeba kwa zamu nne kutoka Maposeni hadi hapa. Mabati yale yana migongo kama shamba lililolimwa matuta, tena ni marefu. Pankrasi alijitwika moja kichwani, upepo wa kilimani ukalishika, ukamgeuza, akaanza kutembea kurudi alikotoka huku akituuliza kwa sauti kwa nini tumebadili njia.

Tulipovipanga vyote nyuma ya nyumba ya Mama, nikaanza kufikiri juu ya bolti. Bolti ina njia zilizochongwa kama konokono, na mimi sina chombo cha kuchonga njia hizo. Siku tatu nilizunguka masanduku yale. Siku ya nne nikakumbuka jinsi Baba alivyounga mpini wa kisu: msumari butu, unapita tundu zote mbili, unauponda kichwa huku na kichwa huku ukiwa moto, ukipoa unajikaza wenyewe. Hauhitaji njia za konokono. Nikahesabu matundu, nikapata kama mia mbili na kumi. Ndiyo, ningeweza. Lakini chuma cha unene wa kidole, cha kutosha misumari mia mbili na kumi, nitakitoa wapi?

Mama ndiye aliyesema. Alikuwa anapepeta ulezi, akauliza bila kuinua kichwa kama nimesahau alichofukia kaka yangu chini ya ghala. Kaka! Mikuki yako kumi na saba! Miaka yote ile tulikuwa tukila juu ya kitanzi. Nikamwambia Mama tukionekana nayo tumekwisha. Akanijibu maneno ambayo sitayasahau, akasema, "Chuma hakina kosa, mwanangu. Kosa ni la mkono. Kitie motoni kisahau." Basi nikaifukua, siku moja mikuki miwili, siku nyingine mitatu, nikaikata shingo zile za mviringo kabla jua halijawa kali na watu hawajaanza kupita. Ilipofika mwisho wa mwezi wa tisa hapakuwa tena na mkuki Mshangano. Palikuwa na kikapu cha misumari butu, na bapa za mikuki zilikuwa mundu za kuvunia.

Sasa karatasi ya maelezo. Ilikuwa na michoro mingi na maneno ya Kidachi, lugha ya hao wa boma. Pankrasi anajua Kidachi kidogo, na kidogo chake anakijua kwa nguvu sana. Akasimama juu ya sanduku akasoma kwa sauti ya kanisani, namba hii kulia, namba ile kushoto, nasi tukatii. Tuliunga kila ukuta ukiwa umelala chini. Nilikuwa nikipasha misumari, kijana mmoja anashikilia kwa koleo, mimi naponda. Kelele yake, kaka! Bati ni ngoma. Siku ya kwanza akina mama walikimbia mtoni na watoto mgongoni, wakidhani vita vimerudi, na askari wawili wakaja mbio na bunduki wakatukuta tunagonga ukuta. Wakaketi wakanywa ugimbi.

Siku tuliyosimamisha kuta mbili za kwanza, pembe zikakataa kuonana. Matundu ya nguzo hii yalitazama nje, ya ile yalitazama mbali. Mlango ulikuwa umekwenda upande wa shimo la taka. Tukasukuma, tukavuta, tukalaumiana. Pankrasi akasema Wazungu wamekosea namba. Dadake Pankrasi, jina lake Kunegunda, alikuwa ametuletea maji. Hajui Kidachi hata neno. Akaichukua karatasi akaitazama kitambo, kisha akauliza, "Huyu aliyechora, alikuwa amesimama ndani ya nyumba au nje?"

Tuliinama wote juu ya karatasi. Jibu lilikuwa wazi: alikuwa amesimama ndani. Sisi tulisimama nje, kwa hiyo kulia kwake ni kushoto kwetu, na nyumba yote tulikuwa tumeiunga kama nguo iliyovaliwa kinyume. Pankrasi akashuka kutoka kwenye sanduku lake polepole, akasema anasikia kengele ya shule inalia. Siku hiyo ilikuwa Jumapili.

Bolti ingekuwa ni kufungua tu. Msumari uliopondwa haufunguki, lazima ukate kichwa kwa tindo. Nilikata vichwa arobaini na vitatu, na kila kimoja kiliniuma kama jino langu. Ilibaki siku tisa mwezi uishe, na misumari arobaini na mitatu imepungua, na mikuki hakuna tena. Nilikaa juu ya fuawe nikashika kichwa.

Hapo ndipo nilipoona watu wa hapa ni watu. Sikujua Kunegunda amepita nyumba kwa nyumba. Asubuhi iliyofuata alikuja bibi mmoja na jembe lililolika likabaki mkia. Akaja mwingine na mguu wa chungu cha chuma. Mzee mmoja alileta bangili nene ya marehemu mkewe, nikamrudishia, akaiacha chini akaenda zake. Na Mama, kaka, Mama tuliyemdhani hana siri, alipanda kichanja akatia mkono katika nyasi za paa akashusha mkuki wa Baba. Aliuficha humo tangu siku ya upekuzi wa kwanza, askari wakilala chini yake. Akanikabidhi. Nilipoukata mkuki ule shingo, Mama alikuwa ananitazama, na nilipotazama tena alikuwa anatabasamu.

Siku tano tulifanya kazi. Safari hii Kunegunda ndiye aliyeshika karatasi, amesimama katikati, ndani, anaonyesha kwa kidole, na mwalimu Pankrasi anabeba maji. Siku ya kuinua kuta walikuja wanaume thelathini. Kila ukuta ulishikwa kama mgonjwa anayesaidiwa kuamka, taratibu, na pembe zilipokutana, tundu likaona tundu. Nilipitisha msumari wa kwanza ukiwa mwekundu, nikaupiga vichwa viwili, nikasikia vigelegele vya akina mama mpaka masikio yakaziba. Paa lilikaa jua likielekea kuzama. Vijana walileta ngoma wakacheza lizombe kulizunguka banda, halafu mmoja akagundua kwamba ukipiga ukuta wenyewe unaitikia kuliko ngoma. Basi usiniulize. Mama alicheza, na fimbo yake aliisahau.

Siku ya mwisho wa mwezi bwana wa boma alikuja kukagua. Alilizunguka mara mbili. Alisukuma nguzo kwa bega, haikutikisika. Kisha akainama, akagusa kichwa cha msumari kwa ukucha, akauliza chuma hiki nimekitoa wapi.  Nikamjibu kwamba ni chuma cha zamani cha hapa nyumbani, na kingine majirani wamenisaidia. Hakuna uongo ndani yake. Aliandika kwenye kitabu, akasema kitu kwa Kidachi akapanda nyumbu. Pankrasi alitutafsiria kwamba amesema banda letu ni imara kuliko zizi la boma. Lakini aliyetafsiri ni Pankrasi, kwa hiyo sina hakika.

Banda linang'aa, unaliona tangu ng'ambo ya bonde. Hilo ndilo lililoniletea wewe. Misafara inayopita huliona, nao wenye vyombo vibovu huja. Mwezi wa sita mwaka huu akaja huyu Sefu, mfanyabiashara wa Tunduru, anatoka ziwani na chumvi na nguo. Aliketi kivulini akanipa kisu chake nikinoe. Nilipokitoa alani nikaona mkia wa bapa umesokotwa mara mbili kabla ya kuingia mpinini, na msokoto wa pili umerudi nyuma. Kaka, hakuna mtu aliyesokota hivyo isipokuwa Baba, na Baba alifundisha watu wawili. Mmoja ni mimi. Nikamwuliza Sefu amekinunua wapi. Akasema Kotakota, kwa mhunzi mmoja mpole anayetumia mkono wa kushoto na kuchechemea baridi ikiingia. Nilikiweka kisu chini nikatoka nje, nikashika ukuta wa banda, na ukuta ulikuwa wa moto wa jua ukaniunguza mkono, nami sikuuondoa.

Sasa limebaki lile neno. Kaka, niwie radhi, na uvumilie mpaka mwisho.

Ulipokimbia mwaka ule, wakati Songea imejaa vitanzi, jina lako lilikuwa miongoni mwa waliotafutwa. Siku chache baadaye waliletwa maiti waliookotwa porini, na sisi wa Mshangano tukaitwa kuwatambua. Mmoja alikuwa na kimo chako, na uso wake haukutambulika. Askari akaniuliza kama namjua. Nikasema, huyu ni kaka yangu Makita. Nikaapa. Nikalia, na machozi yalikuwa ya kweli, kwa kuwa nilikuwa naogopa. Wakafuta jina lako. Kwa hiyo hukutafutwa tena, na kwa hiyo hapa una kaburi, kaka. Limepandwa minyaa pembe nne.

Nilimdanganya Mama. Alinyoa nywele, akakuombolezea, kila mwaka akakupikia ugimbi wa tambiko, nami nimesimama pembeni. Sikuthubutu kumwambia, kwa sababu kilio chake ndicho kilichowafanya watu wote waamini. Na nilimdhulumu yule maiti. Yeye pia ana mama mahali fulani, na huyo mama hajui mwanawe amelala Mshangano kwa jina la mtu mwingine. Kaburi lake nalipalilia mwenyewe, nimemwekea jiwe lisilo na jina. Hilo halitanitoka mpaka nife. Nimelitubu kwa padri kabla ya ubatizo.

Msiba ulipoisha wazee wakakaa. Wakasema mjane wa Makita arithiwe, na wa kumrithi ni mdogo wake. Ningekataa, angepewa mtu mwingine. Nikakubali. Siku ileile, mbele ya moto wa jikoni, nilimwambia Mwanaheri kila kitu. Alikuwa hajala siku tatu. Alijifunika uso kwa kanga, nikadhani analia, kumbe anacheka amejiziba mdomo watu wasisikie. Kisha akaomba ugali.

Kaka, kwa miaka sita Mwanaheri amekuwa shemeji yangu na dada yangu, hakuwa kingine. Yeye alilala nyumbani, mimi nililala kwenye kibanda cha kufulia chuma, nikiwaambia watu kwamba nalinda moto. Sasa umeelewa amri ya boma ilivyonitia wazimu? Watu wote walidhani nahangaikia riziki, kumbe nahangaikia kitanda! Kibanda kikiondolewa ningelala wapi watu wasijue? Wazee walinicheka kwamba sizai. Walinipa dawa za mizizi, nikazinywa zote, na nyingine zilikuwa chungu mno. Nakudai hizo.

Sefu alipoondoka siku ile nilimwambia Mama ukweli. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua mwiko akanipiga mgongoni mara sita, anahesabu kwa sauti, moja kwa kila mwaka, halafu akautupa akanikumbatia, akatoka akapiga kigelegele peke yake uani, na majirani walipouliza kuna nini akasema maharage yameiva. Kunegunda naye nimemwambia, maana Mungu akipenda tutafunga ndoa baada ya mavuno yajayo. Aliniambia kwamba sasa ameelewa kwa nini ndani ya banda la kufulia chuma kuna mto wa kulalia.

Lipo jambo moja zaidi. Ulipokimbia, Mwanaheri alikuwa na mimba ya miezi miwili, wala mwenyewe hakuwa na hakika. Una binti, kaka. Anaitwa Mwanne. Ana miaka sita na hanyamazi. Hajawahi kuniita baba, tulimfundisha kuniita baba mdogo, na watu walishangaa. Nyundo anaishika kwa mkono wa kushoto, na nikimwambia abadili ananiuliza kwa nini.

Kuhusu kurudi, Makita hawezi kurudi, ana kaburi. Lakini hakuna amri yoyote inayomkataza mfanyabiashara Kassimu wa Kotakota, mwenye ndevu na kanzu, kupita Songea na msafara wa Sefu kiangazi kijacho, na kuteremka kunoa kisu kwenye banda la bati. Mama anasema atakufahamu hata ukija umevaa ngozi ya chui, na kwamba atajizuia asikukumbatie mpaka mlango wa bati ufungwe. Mimi siamini kama ataweza.

Mama anakusalimu, mama yako yule yule. Pankrasi anakusalimu kwa Kidachi. Kunegunda anakuita shemeji ingawa bado. Wasalimie wote wanaokutendea wema huko, hasa huyo jirani anayekugawia samaki.

Hapa watu wameambiwa kwamba Mwanaheri ameomba ruhusa kuniacha na kurudi kwa wazazi wake ziwani. Nimempa mbele ya wazee, nao wamenionea huruma. Lakini ziwani hatakaa. Unaposomewa haya amekwisha kuvuka na Sefu. Nilitaka aingie kwako kwanza, barua ifuate, akakataa kabisa. Alisema, "Asinione kabla hajasikia yote. Akishasikia, kama bado ananitaka, atatoka mwenyewe."

Kwa hiyo, kaka, amekaa nje ya ua wako tangu Sefu alipoanza kusoma shikamoo, na Mwanne yuko naye, na sidhani kama amenyamaza. Sefu, ishia hapo. Kaka, simama utoke.

Mimi mdogo wako nikupendaye,
Isidori